Mgonjwa wa tumbo kutoka delta: Jua mwisho wa kadi yako kabla ya kupanda boti

MKULIMA wa mpunga katika delta ya Rufiji akipatwa na malaria, anajua pa kwenda. Zahanati iko kijijini au kijiji cha jirani, kipimo kipo na dawa ipo. Mke wake akikaribia kujifungua, njia nayo inajulikana: boti, Nyamisati, kisha gari hadi kituo cha afya au hospitali.

Lakini yapo maradhi yasiyo na njia inayojulikana. Tumbo linalouma usiku na kutulia baada ya kula, kisha likarudi baada ya wiki mbili. Kiungulia kisichoisha. Chakula kinachokwama kifuani. Macho yanayoanza kuwa ya njano. Kwa maradhi ya namna hii mkulima wa Mbwera, Salale au Kiongoroni hununua dawa dukani, hunywa mizizi, hujaribu chupa inayouzwa kwenye basi na muuzaji anayedai kuponya vidonda vya tumbo kwa siku saba. Mwaka unapita, wa pili unapita. Siku anapoamua kumtafuta daktari bingwa jijini Dar es Salaam, hali imekuwa mbaya na fedha zimekwisha.

Anachokutana nacho dirishani ndicho kinachomvunja moyo zaidi. Anatoa kadi ya bima aliyoilipia kwa jasho lake, anaambiwa, "Mzee, kadi hii hapa haifanyi kazi, utalipa taslimu." Hapo ndipo simu hupigwa nyumbani, na mpunga ulio bado shambani huuzwa kwa bei ya kutupa.

Jambo hili ni la kiuchumi kama lilivyo la kitabibu. Kaya nyingi za delta hazifilisiki kwa sababu ya mafuriko wala ndege waharibifu peke yake. Hufilisika pia kwa safari za matibabu zilizopangwa vibaya. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ingeepukika kwa kuuliza maswali machache kabla ya kuondoka nyumbani.

Daktari wa tumbo ni nani?

Daktari anayezungumziwa hapa ni bingwa wa mfumo wa chakula na ini. Huyu alisomea udaktari kwanza, akabobea katika magonjwa ya ndani, kisha akaongeza masomo ya umio, tumbo, utumbo, ini, nyongo na kongosho. Chombo chake kikuu cha kazi ni endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni au njia ya haja kubwa ili kuona kidonda, uvimbe au mshipa unaovuja damu.

Mabingwa wa fani hii nchini ni wachache, na wanakaa kwenye hospitali kubwa. Kwa Tanzania Bara huduma ya aina hii imejengeka Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Kwa mkazi wa Kibiti, iliyo kiasi cha kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam kwa barabara ya lami ya Kilwa, mahali pa karibu ni Dar es Salaam.

Habari njema ni kwamba si kila mgonjwa wa tumbo anamhitaji bingwa huyo. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliothibitisha jambo hilo katika miaka ya 1980, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kabla yao ulimwengu wa tiba uliamini kwamba vidonda hivyo vinaletwa na mawazo na vyakula vyenye pilipili, imani ambayo bado ina nguvu vijijini. Bakteria huyo hupimwa kwa choo, na hutibiwa kwa viuavijasumu vya aina mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Kazi hiyo inaweza kufanywa na daktari wa kawaida katika hospitali ya wilaya.

Sababu ya pili kubwa ni dawa za maumivu. Mkulima anayeinama kutwa nzima kupalilia mpunga, au mvuvi anayevuta nyavu za kamba, humeza diklofenaki au aspirini kila jioni bila chakula ili mgongo utulie. Dawa hizo hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Kwa mgonjwa wa namna hii, hatua ya kwanza ya tiba ni kumweleza daktari ukweli kuhusu vidonge anavyokunywa.

Ngazi za rufaa na jiografia ya Pwani

Mfumo wa afya wa Tanzania umejengwa kama ngazi. Chini kuna zahanati, inafuata kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda na juu kabisa hospitali ya taifa. Mgonjwa anatakiwa kupanda ngazi hiyo akiwa na barua ya rufaa mkononi.

Kwa Mkoa wa Pwani, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Tumbi, iliyoko Kibaha. Hapo ndipo jiografia inapoanza kumchezea mkazi wa Kibiti. Kwa njia ya lami, mgonjwa anayetoka Kibiti kwenda Tumbi hupita kwanza Mbagala, akaingia Dar es Salaam, ndipo akashika Barabara ya Morogoro kurudi tena Pwani. Kwa maneno mengine, anaipita Dar es Salaam, aliko bingwa, ili afike kwenye hospitali inayotakiwa kumwandikia rufaa ya kumrudisha kwa bingwa huyo huyo.

Wengi wakiliona hilo huamua kuruka ngazi. Hushuka Mbagala na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa ya jijini bila barua yoyote. Uamuzi huo unaeleweka kwa mtu anayeangalia ramani, lakini kwa mwenye kadi ya bima ni kosa la gharama kubwa. Bila rufaa, bima nyingi hazilipi.

Njia yenye nafuu ni kuanzia karibu na nyumbani. Hospitali ya wilaya, au hospitali ya misheni kama Mchukwi kwa walio jirani nayo, ndiyo mahali pa kuuliza kama daktari anaweza kuandika rufaa ya kwenda Muhimbili bila kupitia Tumbi kutokana na hali ya mgonjwa. Aidha, tangu 2024 Serikali imekuwa ikipeleka kambi za madaktari bingwa katika hospitali za wilaya, wakiwamo mabingwa wa magonjwa ya ndani. Bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kumaliza matatizo mengi ya tumbo. Asipoweza, barua yake ya rufaa ina uzito.

Kadi inaishia wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Neno "bima" linatumika kwa kadi zenye nguvu tofauti kabisa.

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa kuanzia 2018, kaya ya watu hadi sita katika mikoa ya Bara nje ya Dar es Salaam ilipangiwa mchango wa Sh30,000 kwa mwaka. Hiyo ni Sh5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Kwa fedha hiyo kaya ilipata huduma kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata rufaa.

Msomaji aitazame vizuri mipaka hiyo. Kadi hiyo ilimfikisha mwanachama Tumbi, haikumfikisha Muhimbili. Daktari wa tumbo mwenye endoskopi yuko ngazi za juu ya pale kadi inapoishia. Mkulima aliyeambiwa na mwandikishaji kijijini kwamba "sasa una bima" hakudanganywa, ila hakuelezwa mwisho wa bima yenyewe.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001, una mkono mrefu zaidi kwa kuwa unafika hadi hospitali ya taifa. Ulianza kwa watumishi wa umma, ambao hukatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia tatu nyingine. Jambo ambalo familia nyingi za delta hulisahau ni kwamba mtumishi mwanachama anaruhusiwa kuandikisha wazazi miongoni mwa wategemezi wake, kwa idadi iliyowekwa. Mzee wa Msala mwenye mtoto aliye mwalimu Lindi au muuguzi Mkuranga anaweza kuwa na haki ya kadi ambayo hajawahi kuiuliza. Swali hilo lastahili kuulizwa mtu akiwa mzima, kwa sababu uandikishaji unachukua muda na majina lazima yalingane na kitambulisho cha taifa.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayolenga kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Sheria hiyo inabadili majina ya vifurushi na viwango vya michango. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa tumbo swali linabaki lile lile kwa kadi yoyote, ya zamani au mpya: inaishia ngazi gani, na inalipa kipimo gani?

Kadi inayopokelewa leo

Hata mwenye kadi yenye mkono mrefu hapaswi kulala usingizi. Machi 1, 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama wa mfuko huo kwa kupinga bei mpya. Huduma zilirejea baadaye, lakini kwa siku hizo mgonjwa aliyekuwa na kadi halali alijikuta nje ya mlango aliouzoea.

Fundisho lake ni kwamba makubaliano kati ya bima na hospitali ni mkataba wa kibiashara, na mikataba hubadilika. Kibao kilichoandikwa ukutani "Tunapokea kadi za bima" hakitoshi. Wala haitoshi kusikia kutoka kwa jirani aliyetibiwa hapo mwaka juzi. Kwa mtu anayekaa Mbagala, kosa hilo linamgharimu nauli ya daladala. Kwa mtu wa delta linamgharimu msimu.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mbwera anayekwenda kupimwa kwa kamera. Boti za delta hufuata maji. Wakati wa bamvu mito hujaa na chombo hupita, wakati wa maji mafu safari huchelewa. Kwa hiyo siku ya kwanza inaishia Nyamisati. Siku ya pili ni gari hadi Bungu na kisha Dar es Salaam. Siku ya tatu ni kumwona daktari. Siku ya nne ni kipimo, kwa sharti kwamba amefunga kula. Siku ya tano na ya sita ni kurudi.

Hizo ni siku sita, na mgonjwa hasafiri peke yake kwa sababu anayepewa dawa ya usingizi kwa ajili ya kipimo anahitaji mtu wa kumrudisha. Siku sita kwa watu wawili ni siku 12 za kazi. Akifika akaambiwa hana rufaa, akarudi kuifuata, zinakuwa 24. Akirudi tena akakuta kipimo kinahitaji kibali cha bima ambacho hakikuombwa, zinakuwa 36.

Mwezi Mei na Juni, mpunga unapokomaa, siku 36 za kazi ni shamba zima. Familia za delta hukaa kwenye madungu mchana kutwa kufukuza ndege, na usiku kuwinda nguruwe pori. Dungu likikosa mtu kwa wiki mbili, kinachobaki shambani ni mabua. Hasara hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote ya hospitali, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Ndiyo maana kwa ugonjwa usio wa dharura, wakati mzuri wa safari ni Agosti na Septemba, baada ya mpunga kuingia ndani na kabla ya korosho kuanza kuokotwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya safari

Simu moja ya dakika chache inaweza kuokoa safari mbili. Mgonjwa, au mtoto wake anayejua kujieleza, apige simu hospitalini na kwenye ofisi ya bima yake akiwa na kadi mkononi, na aulize haya:

Kwanza, je, kadi hii inafika ngazi ya hospitali yenu, na je, iko hai leo? Mtoa huduma huweza kuikagua kwa namba.

Pili, rufaa inatakiwa kutoka wapi? Hospitali ya wilaya inatosha, au lazima ya mkoa? Barua inadumu kwa muda gani?

Tatu, daktari bingwa wa tumbo na ini ana kliniki siku gani, na je, naweza kupangiwa siku ya kumwona na siku ya kipimo zikafuatana?

Nne, kipimo cha kamera kinalipiwa na bima yangu kwa ukamilifu? Kinahitaji kibali? Je, kinyama kitakachokatwa kwenda maabara na dawa nitakazoandikiwa vimo, au ni juu yangu?

Majibu yaandikwe pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Kwa anayetaka kumwona bingwa katika hospitali binafsi, swali la tano ni kama daktari mwenyewe amesajiliwa. Baraza la Madaktari Tanganyika huweka orodha ya madaktari waliosajiliwa na fani zao. Mtu anayejiita bingwa wa vidonda vya tumbo kwenye tangazo la redio bila kuwa katika orodha hiyo ni mfanyabiashara kama wengine.

Kwa asiye na bima yoyote, mlango bado upo. Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia misamaha, na sera ya afya ya 2007 inawatambua wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Barua ya mtendaji wa kijiji ichukuliwe kabla ya safari, kwani kuifuata kutoka Dar es Salaam ni safari nyingine.

Ushirika unaweza kubeba mzigo

Mkulima mmoja mmoja ana nguvu ndogo mbele ya dirisha la hospitali, lakini chama cha msingi kina sauti. Mwaka 2018 NHIF ilianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wanachama wa vyama vya ushirika wa mazao. Kwa viwango vya wakati huo, mtu mzima alichangia Sh76,800 kwa mwaka na mtoto Sh50,400. Kaya ya wazazi wawili na watoto wanne ingelipa Sh355,200, karibu mara 12 ya mchango wa CHF.

Tofauti hiyo ni kubwa, na si kila kaya ya delta ingeimudu. Lakini wazo la kukata mchango wakati mkulima anapolipwa lina mantiki. Korosho ya Pwani huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na malipo hupitia benki. Fedha ya bima ikikatwa mwezi Novemba haionekani kuwa mzigo kama ile inayodaiwa Machi, mwezi wa njaa.

Tatizo ni kwa mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba, ambao huuza kwa mchuuzi aliyekuja na boti yake, bila mnada wala stakabadhi. Hao wanahitaji utaratibu wao. Kikundi cha watu 20 au 30 cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga sehemu ya akiba kwa ajili ya michango ya bima, na kumteua mwanachama mmoja awe mtu wa kupiga simu za hospitali kwa niaba ya wengine. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Inahitaji daftari, simu na mtu mwaminifu.

Rufiji haina ugeni na mambo ya namna hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo, mradi wa TEHIP ulionyesha hapa kwamba fedha ndogo ikielekezwa kwenye maradhi yanayosumbua watu zaidi, vifo vya watoto hupungua kwa kiasi kikubwa. Kilichofanyika kwa bajeti ya wilaya kinaweza kufanyika kwa bajeti ya kaya.

Dalili zisizosubiri mavuno

Ushauri wa kusubiri Agosti una mipaka yake. Mtu anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asisubiri maji wala msimu. Anayeshindwa kumeza ugali na sasa anameza uji tu, anayekonda bila sababu, mwenye macho ya njano au tumbo linalojaa maji, apelekwe hospitali mara moja. Kwa dharura, matibabu hutangulia na karatasi hufuata. Saratani ya umio, ambayo ni ya kawaida Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, huanza na tonge linalokwama, na wengi hufika hospitali ikiwa imechelewa.

Kinga nayo ianze nyumbani na shambani. Chanjo ya homa ya ini aina B hutolewa kwa watoto wachanga nchini tangu 2002, na watu wazima wanaweza kupimwa. Mahindi na karanga zikaushwe vizuri na kuwekwa pakavu, kwa sababu sumukuvu inayotokana na ukungu huharibu ini, na madhara yake huongezeka kwa mwenye virusi hivyo. Baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024, nafaka iliyolowa isiliwe kwa kuonewa huruma.

Viongozi wa vijiji na waandikishaji wa bima nao wana sehemu yao. Anayeuza kadi amweleze mnunuzi mwisho wake, kama muuza mbegu anavyoeleza siku za kukomaa. Mkulima akijua kwamba kadi yake inaishia Tumbi, ataweka akiba ya Muhimbili mapema. Asipojua, akiba yake itakuwa ni ule mpunga ulio shambani, na bei yake ataipanga mchuuzi.